Sista Aliyevaa Diski

Simu ilinikuta dukani kwangu Kitale, nikimweleza mzee mmoja wa Endebess kwa mara nyingine kwamba dawa ya kupe hainyweshwi ng'ombe, hunyunyizwa. Mpigaji alikuwa sista kijana wa nyumba ya masista iliyo upande wa Kibabii, nje kidogo ya Bungoma. Alinisalimia, akauliza kama huku kwetu mvua imenyesha, halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna mteja wala mume wangu amewahi kuniuliza.

"Mama, ati wewe unajua Kiayalandi?"

Nikamwambia ninajua Kiayalandi cha jografia tu.

"Hicho kinatosha. Si uje, tafadhali. Sista alipata stroki. Kiingereza kimeenda, Kiswahili kimeenda, amebaki na hiyo ya kwao. Sasa wakubwa wanataka kumrudisha Ayalandi akatunzwe huko, na hakuna mtu ameweza kumuuliza kama yeye mwenyewe anataka."

Sikuuliza ni Sista gani. Masista nimekutana nao wengi, lakini kwangu mimi Sista ni mmoja, na hao wengine lazima uwaongezee jina. Nilimwambia nitafika kesho yake. Kisha nikamwandikia mzee matumizi ya dawa kwa herufi kubwa juu ya chupa, kwa sababu sikuwa tena na moyo wa kubishana.

Alizaliwa wapi hasa, na nani, hakuna kati yetu aliyejua. Ukimuuliza alisema, "Nilizaliwa ndani ya mvua," na habari ikaishia hapo. Tulichojua ni kwamba alikuwa mrefu, mwembamba, mwekundu puani na masikioni, na alitembea mbio hata kama hana anakokwenda. Alivaa viatu vya kiume. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa na vumbi la chaki upande mmoja daima, maana akifikiri alijikuna kwa mkono ulioshika chaki. Kiswahili alijifunzia sokoni, kwa hiyo alikuwa hodari wa kukataa nyanya zilizooza na mdhaifu sana wa kueleza mambo ya mbinguni.

Shule yetu ilikuwa kando ya barabara ya Endebess, mahindi mbele, mahindi nyuma, na Mlima Elgon ukichungulia juu ya paa la vyoo. Sista alitufundisha jografia na historia. Wenye mtaala walitaka tufundishwe kwa Kiingereza, naye alitii, lakini kila alipomaliza kusema jambo kwa Kiingereza alilirudia kwa Kiayalandi. "Hiyo ya kwanza ni ya mtihani," alisema. "Hii ya pili ni yangu, ninawapa bure." Mwalimu mwenzake alimuuliza siku moja kuna faida gani kumfundisha mtoto wa Kibukusu au Kisabaoti lugha ya watu wachache walio upande mwingine wa dunia. Sista akamjibu kwamba nchi yenye majina mawili ni vigumu kuipoteza. Yule mwalimu alienda zake akitikisa kichwa.

Kwenye ukuta wa nje wa darasa, ule unaotazama uwanja, alichora ramani ya dunia. Rangi aliyokuwa nayo ni ile iliyobaki baada ya kupakwa mabati ya kanisa, kwa hiyo bahari zetu zote zilikuwa nyekundu. Ayalandi aliichora kubwa karibu sawa na Kenya. Tulipokuja kuziona ramani za vitabuni tulidhani wachapishaji ndio waliokosea, na mmoja wetu alisimama akamwonea huruma mwandishi wa kitabu mbele ya darasa zima.

Somo lenyewe lilikuwa hivi. Tulipanga mstari uwanjani. Sista alisimama pembeni, akapaza sauti: "Cá bhfuil an Bhrasaíl?" Maana yake, Brazili iko wapi? Aliyekuwa mbele alitimua mbio hadi ukutani, akaipiga Brazili kofi la kiganja kizima na kupiga kelele, "Anseo!" Yaani, hapa! Kofi lilikuwa sehemu ya jibu. Ukinyoosha kidole tu, Sista alikurudisha nyuma ya mstari. "Nchi si mgonjwa," alikuwa akisema, "usiiguse taratibu." Ukipata, alikwambia "Maith thú," vizuri wewe, na siku nzima ulitembea kifua mbele. Mwalimu wa darasa la ndani alilalamika kwamba plasta inawaangukia wanafunzi wake wakati wa hesabu. Ufaransa ilichakaa mapema kuliko nchi zote, kwa kuwa ilikuwa usawa wa mikono yetu, na ikabidi Sista aipake upya kila muhula.

Maneno hayo alipoyaandika ubaoni tulishangaa, maana herufi zilikuwa nyingi kuliko sauti. Tulimuuliza hizi nyingine zina kazi gani. Akasema hazina kazi, zimekaa tu, kama wanakamati wa shule.

Kila mtoto alimpa mto. Hakutuita kwa majina ya rejista, alituita kwa mito. Mvulana mkubwa kuliko wote darasani alikuwa Kongo. Deski-mate wangu, msichana mpole wa kwa jirani, alikuwa Nzoia, akalia, akasema huo si mto, huo wanaosha nguo. Mimi nilikuwa Volga. Sikujua Volga iko wapi mpaka nilipoitafuta ukutani, ikabidi nirukie ili kiganja kiifikie, na tangu siku hiyo sikukubali niitwe jina lingine. Duka langu linaitwa Volga hadi leo. Wateja wengi wanadhani ni aina ya mbegu ya mahindi, na wapo wanaokuja kuiulizia.

Kwenye historia hakuwa na subira ya kufuata kitabu. Siku aliyotufundisha njaa ya viazi ya Ayalandi aliisimulia kwa sauti ya chini, jinsi viazi vilivyooza ardhini, watu wakala nyasi, wengine wakakimbilia melini. Alisahau kutuambia jambo moja tu, kwamba hayo yalitokea kabla nyanya zetu hawajazaliwa. Sisi tulizoea kusikia redioni kwamba kuna njaa Turkana, na wazazi wetu wanachangia mahindi kanisani. Kwa hiyo kesho yake kila mtoto alikuja shuleni na viazi. Vingine kwenye mfuko wa vitabu, vingine ndani ya sweta. Tulivimwaga chini ya bendera. Babake Kongo alikuja mwenyewe na baiskeli, nusu gunia nyuma, akavua kofia.

"Sista, pole sana kwa watu wa kwenu," akasema. "Hii ni kidogo tu. Tukivuna tutaongeza."

Sista aliokota kiazi kimoja, akageukia ukuta. Tulidhani tumemkosea. Alipogeuka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akamweleza babake Kongo kwamba njaa ile imekwisha zamani sana, watu wa kwao sasa wanakula mpaka daktari anawakataza. Mzee akafikiri.

"Basi ule wewe kwa niaba yao," akamwambia. Vilipikwa siku hiyo hiyo kwa sufuria ya shule, tukavila sote, na mimi mpaka leo sijui viazi vitamu kuliko vile.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe bila aibu. Asubuhi alituambia, "Ninyi na sisi tulikuwa na lendlodi mmoja. Alitoka Sasana, akakaa kwetu, mvua yetu ilipomchosha akaja kwenu." Sasana ndiyo Uingereza. Babu zetu wengi walilima mashamba ya wazungu hapo hapo Trans-Nzoia, kwa hiyo tulimwelewa haraka kuliko kitabu. Lakini ikifika saa kumi, mtu huyo huyo alikunywa chai kwa kikombe chenye picha ya malkia wa Uingereza, na ole wako ukikivunja. Tulipomuuliza alisema kikombe hakina kosa. Tena alitaka tupasi Kiingereza kuliko shule zote za tarafa, na tulipopasi alicheza ofisini mpaka karani akatoka nje.

Na huyu aliyejua Danube inaanzia wapi na inaishia wapi alikuwa hawezi kutoka Kitale kwenda Bungoma bila kupotea. Aliendesha pikipiki ya misheni. Mara moja alitumwa mkutano wa walimu Bungoma, jioni akaonekana Malakisi, amekaa na wakulima wa tumbaku, anawauliza wanaikaushaje. Mkutano aliukosa. Alirudi kwetu na jani la tumbaku kubwa kama ubao wa kuandikia, akatufundisha nalo bara la Amerika lote, mashamba, watumwa na meli, wiki nzima, huku darasa likinuka kama koti la babu. Hedimasta alipomkaripia alisema hakupotea, barabara ndiyo iliyobadilisha mawazo.

Hedimasta wetu alikuwa mtu wa Bungoma, na kinywani mwake r na l zilibadilishana viti wakati wowote. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tupasi, na aliamini kabisa kwamba mtoto akiongea lugha ya kwao uani, Kiingereza kinamtoka. Ndiyo maana shule yetu ilikuwa na diski.

Kwa ambaye hakusomea huku kwetu, diski ilikuwa kipande cha mbao cha mviringo, kimetobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika ukiongea Kibukusu, Kisabaoti, hata Kiswahili nje ya kipindi chake, unavishwa shingoni. Unaivaa mpaka umshike mwingine akiongea, umvishe yeye. Atakayekutwa nayo kengele ya jioni ikilia ndiye anayeosha vyoo. Tulichungana vibaya sana. Mbinu yetu ilikuwa kumfinya mtu kwa ghafla, kwa kuwa mtu akifinywa hulia kwa lugha ya mamake, na hapo hapo unamvisha. Hakuna aliyefinywa zaidi ya Nzoia, maana alikuwa mpole na hakuweza kumfinya mwingine.

Sista alikuwa mgeni bado alipomwona Nzoia darasani na kile kibao. Akauliza ni medali ya nini. Tukamweleza, tena kwa fahari, kila mtu akitaka kusema yeye. Aliketi juu ya deski la mbele. Akatuambia kwamba kwao, zamani, watoto walitundikiwa kijiti shingoni, na kila neno la Kiayalandi walilosema lilikatiwa alama kwenye kijiti, na jioni walichapwa fimbo kulingana na alama. "Nyanya ya nyanya yangu," akasema, akakitazama kile kibao shingoni mwa Nzoia. Niliwahi kumwona akifoka mara nyingi, lakini siku hiyo hakufoka, na nilimwogopa zaidi.

Kesho yake kwenye gwaride, mbele ya shule nzima, alipanda ngazi ya ofisi na kutusalimu kwa sauti kubwa: "Dia daoibh!" Kisha akanyoosha mkono.

"Nani ana diski? Aniletee. Nimesema lugha ya mama."

Nzoia akamtazama Hedimasta. Hedimasta akakohoa.

"Sista, hiyo shelia ni ya watoto. Warimu hapana."

Sista akaelekeza kidole kwenye kibao kilichotundikwa mlangoni, alichokiandika Hedimasta mwenyewe, kwamba sheria inamhusu mtu yeyote aliye ndani ya ua wa shule. Hedimasta akakisoma kama anakiona kwa mara ya kwanza. Nzoia akamvisha Sista diski, ikakaa pale karibu na msalaba wake.

Jioni kengele ilipolia alikunja mikono ya gauni, akachukua ndoo na brashi, akaenda vyooni. Aliosha huku akiimba. Tulisimama mbali, tumeshika midomo. Hedimasta alikuja mbio.

"Sista, sasa watu watasema nini? Sista wa kanisa anaosha choo ya shure!"

"Watasema sheria inafuatwa, Hedimasta."

Alisimama hapo akijishika kiuno, akaangalia barabarani kama kuna mzazi anapita, mwishowe akavua koti na kwenda kumchotea maji. Sheria hakuifuta, alikuwa na kiburi chake. Lakini diski haikurudi shingoni mwa mtoto tena. Ili Sista aivue ilibidi amshike mtu akiongea lugha ya mama, naye hakumshika mtu. "Sikusikia," alisema. Sokoni alikuwa akiwaamkia akina mama "Mulembe" na kuwauliza habari za wajukuu, ila akiingia getini tu alikuwa kiziwi wa Kibukusu na Kisabaoti. Tena akaanza kutuuliza, baada ya Kiingereza na Kiayalandi, "Na kwenu mnauitaje?" Ndivyo Mlima Elgon ulivyoingia darasani kama Masaba, na babu zetu wakaingia kwenye historia. Vyoo aliosha kila jioni. Baada ya muda tulikuwa tunagombania kumshikia ndoo.

Alipohamishiwa Bungoma aliagwa kwa soda na hotuba. Hedimasta alimkumbusha kwa upole kwamba diski ni mali ya shule.

"Nitaivua nikimshika mtu," Sista akamjibu, akapanda pikipiki, akaelekea upande usio wa Bungoma. Tulimkimbilia kumgeuza.

Sasa nirudi kwenye safari yangu. Nilifika mchana. Mama Mkuu wa nyumba ile, mwanamke wa maneno machache na funguo nyingi, alinipeleka barazani. Sista alikuwa kwenye kiti cha mikono, amekonda, mkono mmoja umelala mapajani. Shingoni alikuwa na rozari, na pamoja na rozari, diski. Masista vijana walikuwa wamemzunguka, mikono imefumbatwa.

"An Fhrainc," akasema Sista.

"Utuombee," wakaitikia wote.

"An tSín."

"Utuombee."

Nilicheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Mama Mkuu hakupendezwa.

"Mama, hapa tunasali litania."

"Mama Mkuu, mmeiomba Ufaransa na China," nikamwambia. "Hizo ni nchi."

Sista Mdogo, yule aliyenipigia simu, akafunika uso kwa mikono. Mama Mkuu akanieleza kwamba wakubwa wa Ayalandi walimweka mtu wa lugha hiyo kwenye simu, na Sista akamuuliza tu Brazili iko wapi, mara kwa mara, mpaka yule mtu akasema kwa huruma kwamba akili imeenda. Ndiyo sababu wameona arudi, atunzwe na watu wanaomwelewa. Hasira ilinipanda.

"Akili haijaenda mahali," nikasema. "Huyu ni mwalimu. Anauliza swali na hakuna anayejibu. Ramani iko wapi?"

Sista Mdogo alikimbia shule ya nasari iliyo jirani, akaja na ramani ya karatasi, tukaitundika kwenye msumari. Sista aliitazama. Akanitazama mimi, kuanzia viatuni kwenda juu, kwa jicho lile lile la uwanjani.

"Cá bhfuil an Volga?"

Mimi ni mama mtu mzima, nina magoti mabaya na wajukuu. Nilikimbia. Nilivuka baraza, nikaipiga Urusi kofi hadi msumari ukalegea. "Anseo!"

"Maith thú, a Volga," akasema, na upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu. Mimi nililia, sifichi.

Lakini swali lililonileta lilikuwa bado, na sikuwa na maneno yake. Kutaka, kurudi, kutunzwa, hayo hakutufundisha. Nilikuwa na "Cá bhfuil", na nilikuwa na neno moja la nyumbani, kwa kuwa kila jioni alituaga kwa "Slán abhaile", fikeni salama nyumbani. Niliyaunganisha. Niliogopa sana kuuliza, kwa sababu akiigusa Ayalandi mimi ndiye ningelazimika kumwambia Mama Mkuu, na nisingeweza kudanganya.

"Sista," nikasema, "cá bhfuil do bhaile?" Nyumbani kwako ni wapi?

Alidai fimbo yake. Sista Mdogo akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamfikisha kwenye ramani taratibu. Mkono wake mzima ukapanda juu, ukaenda moja kwa moja Ayalandi. Mama Mkuu akashusha pumzi. Pale Sista alipapasa kwa ncha za vidole, polepole, vile alivyotukataza sisi. Halafu mkono ukashuka, ukapita bahari, ukapita jangwa, akaipiga Kenya kofi la kiganja kizima. Ramani ikaanguka pamoja na msumari.

"Anseo!"

"Amesema nini?" akauliza Mama Mkuu.

"Amesema hapa."

"Hapa kwenye ramani, ama hapa kwetu?"

Sista hakungoja nitafsiri. Akagonga fimbo kwenye sakafu ya baraza. "Anseo," akamwambia Mama Mkuu, kwa sauti ya kumfundisha mtoto mzito. Mama Mkuu alitazama fimbo, akatazama sakafu, funguo zikalia mkononi mwake.

"Basi nitawaambia hivyo," akasema.

Tulimrudisha kitini. Nilipoinama kumweka vizuri, alivua diski kwa mkono wake mmoja, ikakwama kwenye rozari, akaivuta mpaka ikatoka, akanivisha mimi. Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeongea naye Kiayalandi, lugha ya mamake. Alikuwa amemshika mtu.

Jua lilikuwa linaelekea upande wa Malakisi na kengele ya jioni ililia kwenye shule ya jirani. Nikamuuliza Sista Mdogo vyoo viko wapi, na ndoo.

"Mama, hapana! Wewe ni mgeni, bana!"

Nilikunja mikono ya gauni. Niliosha vyoo vya masista wa Bungoma vyote, na nilipoinua kichwa Sista alikuwa amesukumwa kwa kiti chake hadi mlangoni, ananionyesha kwa fimbo kona niliyoiruka.